Benchi la Mizigo

Kwa miaka minne Mwalimu Benedikta Pantaleo hakumpiga mtoto hata kofi moja, na jambo hilo hakuna aliyelijua vizuri kuliko yeye mwenyewe. Mwaka 1974 alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mwenye sauti ndogo iliyofika mbali. Kila asubuhi, saa moja na nusu, alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma cha ofisi ya tawi la chama, hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, akapokea watoto hamsini na wawili. Wazazi waliokuwa wakiwahi sokoni Kariakoo na makapu yao walimwachia watoto bila kugeuka nyuma. Chekechea nyingine za mitaa ile zilisikika kabla hazijaonekana: fimbo mezani, kilio, wimbo, fimbo mezani tena. Kwake ulisikika wimbo tu.

Alizaliwa Rombo, mtoto wa tano wa mkulima wa kahawa. Mwalimu wake wa kwanza huko alikuwa na utaratibu wa kupanga watoto kwa kadiri walivyojua: wanaojua mbele, wasiojua ukutani. Benedikta alikaa mbele miaka yake yote minne. Kaka yake Leodegar, aliyemzidi mwaka mmoja, alikaa ukutani mwaka na nusu, kisha asubuhi moja akapitiliza na mbuzi badala ya kukata kona ya shule, na hakurudi tena. Nyumbani walisema Leodegar hana kichwa cha shule. Leodegar mwenyewe alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayetaja urefu wake. Benedikta hakuwahi kulifikiria zaidi ya hapo. Alichokumbuka ni fimbo, jinsi ilivyolia kwenye migongo ya wenzake, na alipokuwa mtu mzima aliapa kwamba yeye hatashika fimbo.

Alikuja Dar es Salaam mwaka 1966 kwa ajili ya ndoa. Mumewe, Onesphory, alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Baada ya watoto wawili Benedikta alipata mafunzo ya wiki sita ya ulezi wa watoto wadogo, akakabidhiwa chumba, mikeka minne, mabenchi matatu, ubao na kopo la vizibo vya soda vya kuhesabia. Fimbo hakuipokea. Lakini watoto hamsini na wawili lazima wakae kwa mpango fulani, na mpango alioujua ulikuwa mmoja.

Waliojua walikaa mikekani, karibu na ubao. Wa katikati walikaa kwenye mabenchi mawili. Nyuma kabisa, chini ya dirisha la wavu, lilikuwa benchi la tatu, na hapo walikaa watoto saba ambao Benedikta alikuwa amewaona kuwa ni wazito. Hakuwatukana. Hakuwafokea. Aliwauliza maswali machache tu, kwa kuwahurumia, wasije wakaaibika.

Jina la benchi hilo lilitoka kwa Clotilda, mpishi wa uji, mama mnene wa Ilala aliyekuwa na neno kwa kila kitu. Asubuhi moja aliingia na sufuria yake akasema, "Mwalimu, wa mbele nimewamaliza. Bado mizigo yako ile."

Benedikta alicheka. Baadaye, alipokuwa akisimulia habari hii, alisema alicheka kwa uchovu. Lakini alicheka, na watoto walimwona akicheka. Kufikia Ijumaa ya wiki hiyo hakuna mtoto ambaye hakujua Mizigoni ni wapi na wanakaa kina nani. Uji uligawiwa kuanzia mbele. Ulipofika Mizigoni ulikuwa umepoa na kuganda juu, na mtoto wa mkekani aliyefanya kosa alitishiwa na wenzake, "Utapelekwa Mizigoni, shauri yako."

Kwa miaka minne hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka kwenye benchi lile akaenda mbele. Hili Benedikta alilihesabu kuwa ushahidi wa jicho lake.

"Mimi mtoto namjua wiki ya kwanza," alimwambia Onesphory.

"Basi wangekuweka bandarini," Onesphory alimjibu, "ungepima magunia kwa macho."

Jicho hilo lilikuwa na faida yake. Shule ya msingi iliyokuwa karibu ilikuwa na nafasi chache kuliko watoto, na mwalimu mkuu wake, Mwalimu Nassibu, mzee wa Bagamoyo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwapima wote kwa mkono wake kabla ya kuwaandikisha darasa la kwanza. Mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa kugusa sikio la upande wa pili ili kuonyesha umri, kisha akaulizwa hesabu na habari za nyumbani. Watoto wa Benedikta peke yao hawakupimwa. Yeye alipeleka orodha tu, mwezi wa Novemba, na orodha ikapita.

"Ndugu Benedikta, wako nawapokea nimefumba macho," Mwalimu Nassibu alizoea kumwambia. "Siku utakayoniletea mbichi, nitayafumbua."

Hakuwahi kumletea. Mtoto yeyote aliyemtia shaka hakumwandika. Alimwacha angoje mwaka mwingine, kwa faida ya mtoto mwenyewe, kama alivyosema, na hakuwahi kurudishiwa mtoto hata mmoja.

Sabaha aliletwa mwezi wa Agosti mwaka huo, akikaribia kutimiza miaka saba. Mama yake, Siwema, alikuwa Mndengereko wa Rufiji aliyeuza nyanya na ndimu. Soko jipya lilikuwa bado linajengwa, na wauzaji wadogo kama yeye walitandika popote walipopata upenyo. Alimleta mtoto amevaa gauni la bluu lililokatwa kutoka kwenye gauni la mtu mkubwa, akamsukuma mbele kidogo, akasema, "Huyu anasema sana, Mwalimu. Ukichoka mnyamazishe," akaondoka.

Benedikta alimsimamisha mbele ya wenzake, kama alivyofanya kwa kila mgeni. Alimimina vizibo vitano mezani, vikakaa kichungu, lundo dogo moja.

"Vingapi hivi, Sabaha?"

Mtoto alitazama mara moja. "Moja," alisema kwa sauti ya kutosha.

Watoto wakacheka. Benedikta akawanyamazisha kwa kidole, akaweka vingine vitano pembeni, kichungu cha pili.

"Tazama vizuri. Sasa vingapi vyote?"

"Mbili."

Safari hii walicheka hadi wa nje wakachungulia. Sabaha alicheka nao, maana hakujua kinachochekwa. Alipojua, alikuwa tayari ameshikwa mkono kwa upole akipelekwa chini ya dirisha la wavu.

Wiki ya kwanza alisema sana, kama mama yake alivyoonya. Aliwaeleza wenzake wa benchi habari za panya wa sokoni. Wiki ya tatu alijibu alipoulizwa tu. Mwezi wa Oktoba aliitikia salamu kwa kuchezesha midomo bila sauti. Benedikta aliandika kwenye daftari lake: *Mzito. Hasemi.* Ijumaa moja katikati ya Novemba alipeleka orodha kwa Mwalimu Nassibu, yenye majina ishirini na matatu. Daftari la uandikishaji lingefungwa Jumatatu saa sita. Jina la Sabaha halikuwamo, na Benedikta alilala salama.

Kesho yake, Jumamosi, alikwenda sokoni na kikapu chake.

Hakuwa akimtafuta mtu. Alikuwa akitafuta nyanya ngumu, akapita kwenye uchochoro wa matenga, na katikati ya mabega ya watu akaona gauni la bluu. Sabaha alikuwa amechuchumaa nyuma ya meza ya mama yake, tenga likiwa limemwagwa juu ya gunia mbele yake. Mikono yake ilikwenda kama ya mtu anayefuma: nne chini, moja juu, anasukuma pembeni, nne chini, moja juu, anasukuma pembeni. Hakuwa akihesabu. Nyanya iliyobonyea aliitupa kushoto bila kuitazama. Na mdomo wake ulikuwa wazi, akimpigia soga mama yake mfululizo, kwa sauti ambayo Benedikta alikuwa ameisahau.

"Hizo za kwako unazipaka mafuta, mama Sabaha?" mteja alitania.

"Hana mafuta ya kujipaka yeye, atapaka nyanya?" mtoto alimjibu kabla mama hajafungua mdomo, na watu wa meza za jirani wakacheka.

Akaja mpishi wa mgahawa na mfuko wa mkonge. "Leo thelathini," alisema.

"Sabaha, thelathini," Siwema alisema, bila kugeuka, maana alikuwa akihudumia mwingine.

"Sita," alisema Sabaha, akasogeza mafungu sita.

Benedikta alisimama pale pale, watu wakimpiga vikumbo. Yeye, mwalimu, ilimbidi agawanye kichwani kabla ya kukubali kwamba ni sita. Kisha akaiona tena meza ya mwezi wa Agosti: vizibo vitano, kichungu. Kwa mtoto aliyekulia nyuma ya meza ya nyanya, tano zilizokaa pamoja ni fungu, na fungu ni moja. Vichungu viwili ni mbili. Mtoto alijibu sawasawa mara zote mbili, akachekwa, akapelekwa nyuma.

Alipiga hatua mbele. Sabaha aliinua macho, akamwona. Nyanya aliyokuwa ameishika aliiweka chini taratibu, akaingia chini ya meza kama maji yanavyoingia mchangani.

"We, toka umwamkie Mwalimu," Siwema alisema. "Utamsamehe, Mwalimu. Siku hizi ndivyo alivyo. Karibu nyanya."

"Mama Sabaha, amefundishwa na nani kuhesabu?"

"Nani amfundishe? Amekuwa hapa tangu yuko mgongoni." Siwema alimfungulia mfuko, akaanza kumchagulia. "Lakini mambo ya meza si mambo ya shule. Tumeshakata shauri. Jumanne anaondoka na gari la Kibiti, anakwenda kwa bibi yake. Mdogo wangu amejifungua, atamsaidia kubembeleza mtoto. Utingo ninamfahamu, nimeshamwekea nafasi."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka atakapokua." Alisema bila uchungu, kama mtu aliyekwisha kulia jambo hilo akamaliza. "Mtoto mwenyewe kasema shule haimtaki."

"Kasemaje hasa?"

Siwema alisita. Aliifuta nyanya kwa ncha ya kanga, akaitazama badala ya kumtazama mwalimu.

"Kasema yeye mzigo. Nikamuuliza, mzigo wa nani? Kasema, wa Mwalimu."

Benedikta alikitua kikapu chake. Aliinama, akachungulia chini ya meza. Aliona magoti mawili na uso uliogeuziwa upande wa matenga.

"Sabaha," alisema. "Nilikukosea."

Mtoto hakugeuka. Benedikta aliinuka, magoti yake yana vumbi.

"Mama Sabaha, nipe Jumatatu. Njoo naye kwangu saa nne, na kapu lako la nyanya. Usiniulize la nini, maana sijajua bado."

"Jumatatu nakupa, Mwalimu," alisema Siwema. "Jumanne si yangu tena."

Jumapili baada ya misa Benedikta alimweleza mumewe. Onesphory alikuwa mtu wa kupanga herufi moja moja kinyumenyume maisha yake yote, na alisikiliza vile vile, bila kuruka kitu.

"Kwa hiyo utamwendea Nassibu umwambie nini?"

"Kwamba nilikosea."

"Atakuuliza, kama ulikosea huyu, je, wale ishirini na watatu?"

"Najua."

"Na wale sita wengine wa benchi?"

"Onesphory, najua," alisema Benedikta, na akasogeza sahani pembeni. Kilichokuwa kikimsumbua hakikuwa Mwalimu Nassibu. Alikuwa amefanya hesabu nyingine usiku kucha. Miaka minne, watoto saba saba. Huenda wengine walikuwa wazito kweli, yeye hakuwa mtu wa kujidanganya. Lakini hakuwa amewauliza mara ya pili, kwa hiyo hakuwa na namna ya kujua. Na alikuwa amejigamba kwa fimbo ambayo hakuishika, wakati watoto wale walirudi nyumbani kila siku na kitu kizito zaidi ya alama ya fimbo. Alimkumbuka Leodegar akipitiliza na mbuzi. Miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza kaka yake aliulizwa nini siku alipopelekwa ukutani.

Jumatatu alifika mapema kuliko Clotilda. Aliliburuta benchi la dirishani hadi jikoni, akaliegesha chini ya kipenu.

Clotilda alipokuja alilitazama, akamtazama yeye. "Mizigo watakaa wapi?"

"Hapa hakuna mizigo, dada Clotilda. Watabanana na wenzao mabenchini."

"Jina nilitoa mimi, Mwalimu, sikatai. Lakini ulicheka."

"Nilicheka. Sasa sicheki. Uji leo uanze dirishani."

"Mikeka italalamika."

"Ilalamike."

Clotilda aliweka sufuria yake juu ya benchi, akalijaribu kwa mkono kama linatikisika. "Zuri hili," alisema. "Nimeinama miaka minne bure." Na uji ulianza dirishani, ukafika mikekani umepoa, mikeka ikalalamika.

Saa nne Siwema alifika, kapu kichwani na mtoto mkononi. Sabaha alikuwa amevikwa viatu, jambo lililoonyesha kwamba mama yake alikuwa na tumaini zaidi ya alivyosema. Benedikta aliwaacha watoto mikononi mwa Clotilda, wakatembea watatu hadi shule ya msingi.

Mwalimu Nassibu aliwapokea ofisini, daftari kubwa likiwa wazi mbele yake. Alipenda mambo mafupi.

"Ndugu Benedikta, orodha ninayo. Umesahau kitu?"

"Sikusahau, Mwalimu. Nilikosea. Huyu nilimwacha, na hakustahili kuachwa."

Mwalimu Nassibu aliyafumbua macho, kama alivyoahidi. Alimtazama Benedikta juu ya miwani kwa muda, kisha akamtazama mtoto. "Haya. Gusa sikio."

Sabaha alipitisha mkono kichwani, akalishika sikio lote.

"Vizuri. Unaitwa nani?"

Sabaha alivitazama viatu vyake.

Mwalimu Nassibu alipanga vipande vya chaki mezani. "Hizi ngapi?"

Sabaha alizitazama chaki, kisha akamtazama Benedikta, na Benedikta akaona mtoto anavyokumbuka. Alikuwa amesimama tena mbele ya meza, kuna vitu juu yake, na mwalimu anauliza ngapi. Midomo ilijikaza. Siwema alikuwa akiikunja ncha ya kanga na kuikunjua. Nje mtu aligonga kengele, watoto wakamwagika uwanjani kwa kelele, kelele zikatulia, na mtoto bado hajasema.

"Saa sita nafunga," Mwalimu Nassibu alisema, si kwa ukali. "Mwakani si mbali."

"Nipe dakika tano."

Benedikta alichukua kapu la Siwema, akaketi sakafuni. Hakuwa na mpango aliousoma popote. Alipanga nyanya: nne chini, moja juu. Akapanga la pili, nne chini, moja juu. La tatu akaweka mbili chini na moja juu, akalitanua kidogo kwa kidole ili lionekane pana, kama wafanyavyo wauzaji wasio na haya. Kisha akainua uso.

"Karibu, mzee," alimwambia Mwalimu Nassibu. "Mafungu matatu. Nyanya za Siwema hizi, tamu."

Mwalimu Nassibu aliona aibu kidogo kwa niaba yake, lakini alikuwa mtu wa pwani, na mwaliko wa namna hiyo hakuweza kuukataa. "Nifungie yote," alisema.

Benedikta alinyoosha mkono kuchukua fungu la tatu.

"Hilo pungufu."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa.

"Lipi, mama?" Benedikta aliuliza polepole.

"Hilo." Sabaha aliliendea. Hasira zilimtoa woga. "Umelitanua. Watu watasema mama anapunja."

"Pungufu ngapi?"

"Mbili." Alikwisha chuchumaa, akatoa mbili kapuni, akalibomoa fungu zima na kulijenga upya, maana halikujengwa vizuri. Moja iliyobonyea aliirudisha na kuchagua nyingine.

Mwalimu Nassibu alikuwa ameinuka kwenye kiti. Alikuja akachuchumaa upande wa pili, magoti yakalia. "Basi nachukua. Zote ngapi?"

"Matatu."

Lilikuwa jibu la Agosti, na Benedikta alilitambua. Mzee naye alimtupia jicho. "Aa," alisema, na alionekana kuelewa jambo. "Mafungu matatu, sawa. Lakini mimi nataka kujua nyanya zenyewe, moja moja."

"Sisi hatuuzi moja moja," Sabaha alisema.

Mwalimu Nassibu alicheka hadi miwani ikamtoka, ikabaki ikining'inia kwa uzi. "Leo uza moja moja. Mimi ni mteja msumbufu."

Sabaha aliguna kama mama yake anavyowagunia wateja wasumbufu. Kisha akaweka kidole juu ya nyanya ya kwanza, akahesabu, mpaka kumi na tano, bila kuruka wala kurudia, na mwishoni akasema, "Ndiyo mafungu matatu hayo hayo."

"Ndiyo hayo hayo," Mwalimu Nassibu alikubali. Alirudi mezani, akachovya kalamu. "Jina la baba?"

"Ramadhan," Siwema alisema.

Mzee aliandika. Alipomaliza hakufunga daftari. "Ndugu Benedikta. Huyu ulimwona mbichi kwa sababu gani?"

"Nilimuuliza swali moja. Alijibu vizuri, mimi sikujua. Sikumuuliza la pili."

"Na wenzake wa hapo alipokuwa amekaa?"

"Sita. Nitawaangalia upya, mmoja mmoja. Watakaokuwa tayari nitakuomba uwapime mwenyewe, nafasi ikipatikana. Na wale ishirini na watatu, Mwalimu, usiwapokee umefumba macho. Wapime."

"Nitawapima," alisema Mwalimu Nassibu, na aliwapima. Wawili walirudishwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Benedikta kurudishiwa watoto, na alipowaona wakija na barua mkononi alishangaa kwamba hakuumia, aliwafungulia mlango tu. Kati ya wale sita, mmoja alionekana hasikii sikio la kushoto, na alipoketishwa upande mwingine wa chumba aligeuka kuwa msumbufu mkubwa. Watatu walihitaji mwaka mwingine kweli. Wawili waliosalia Benedikta alisema hadi mwisho hakuwaelewa, lakini aliendelea kuwauliza.

Hayo yalikuja baadaye. Jumatatu ile walitoka ofisini, wakavuka uwanja, na walipofika barabarani Siwema alilitua kapu chini, akaketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Benedikta alidhani analia. Alikuwa anacheka, ameuficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika.

"Nini, mama Sabaha?"

"Amemwambia hatuuzi moja moja." Alijifuta macho. "Mwalimu mkuu mzima, Mwalimu. Kama angekuwa mteja wa kweli, Sabaha angemfukuza."

"Angemfukuza."

"Na mimi nimepoteza mtu wa meza. Umeninyang'anya, ujue. Yule mpishi wa mgahawa akija na thelathini zake nani atamjibu?" Alicheka tena, ikawa kama kwikwi, kisha akatulia. "Utingo nitamwambia ampe mwingine nafasi."

"Mwambie leo."

"Nakwenda sasa hivi, kabla moyo haujageuka."

Sabaha alikuwa amevua viatu, amevishika mkononi, anatazama fundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara. Aligeuka akamuuliza Benedikta, kana kwamba wameongea siku zote, kwa nini mzee yule amefunga miwani kwa uzi, na Benedikta akasema hajui, na mtoto akasema basi Januari atamuuliza.

Waliagana pale. Benedikta alirudi peke yake. Hatua hamsini kabla ya kufika aliwasikia watoto, kelele za watoto hamsini na mmoja walioachiwa mpishi, na alipokata kona alimwona Clotilda mlangoni, upawa mkononi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Wamenimaliza, Mwalimu," Clotilda alisema. "Amepokelewa?"

"Amepokelewa."

"Basi ingia," alisema Clotilda, akampisha, akaketi kizingitini na kunyoosha miguu. "Na mimi nipumue."